Behewa la Ziada

3 Oktoba

Daktari Wayua ameniambia niandike kila siku jinsi mwili unavyoamka. Si lazima iwe mengi, alisema, hata mstari mmoja unatosha. Anataka kujua uchovu huu una tabia gani. Basi, leo nimeamka nimechoka. Nimeenda kazini nimechoka, nimerudi nimechoka, na katikati hapo sikuinua kitu kizito kuliko kalamu.

Mimi ni karani katika ofisi ya shamba la mkonge, nje kidogo ya Voi. Mke wangu Elsie anauza mbegu na dawa za mifugo katika duka moja karibu na soko. Huu ni mwaka wa nne wa ndoa yetu na hatujapata mtoto. Elsie amepimwa kila kitu, hapa na Mombasa, na kila mahali akaambiwa yuko sawa. Ndipo Daktari Wayua alipomwuliza, bila hata kuinua macho, "Na mzee wako amepimwa na nani?"

Hakuna aliyekuwa amefikiria hilo. Hata mimi sikuwa nimelifikiria.

4 Oktoba

Joto. Nimechoka.

7 Oktoba

Nilikaa kwenye benchi la kliniki nikiomba asipite mtu wa shambani. Nilikuwa nimejiandaa kusema nina malaria.

Daktari ni mama wa Kikamba wa makamo, anaongea taratibu kama mwalimu anayejua darasa limechelewa. Aliniuliza sauti yangu ilivunjika lini. Aliniuliza kuhusu ndevu, nikamwambia wembe wangu hushika kutu kabla haujaisha makali. Aliuliza kama nimekuwa mrefu kuliko ndugu zangu tangu zamani, na kama miguu ndiyo mirefu zaidi. Nikasema ndiyo, shuleni Bura waliniita Twiga. Kisha akauliza kuhusu kifua, nikaangalia ukuta. Bwenini nilikuwa naoga wa mwisho, na shati nililivaa ngozi ingali na maji. Sijawahi kumwambia mtu sababu. Yeye alitazama tu, akasema, "Vaa, Donald," kwa sauti ileile aliyoniambia nivue.

Alinipima korodani. Alisema ni ndogo na ngumu, akaandika, kama vile ninavyoandika uzito wa robota la mkonge bila kulilaumu robota.

Halafu nikatoa manii ya kupimwa. Hilo sitaliandika.

9 Oktoba

"Hakuna," alisema daktari.

"Ni chache?"

"Hakuna hata mbegu moja. Tutarudia, lakini sitegemei tofauti. Damu yako inaenda Nairobi. Itachukua wiki kadhaa. Usiupe ugonjwa jina kabla yangu."

Nilimwambia Elsie kwamba wamesema tusubiri. Ni kweli walisema hivyo.

10 Oktoba

Calvince Okoth ni msimamizi wa wakataji mkonge. Wazee wake walitoka magharibi kuja kufanya kazi ya reli, yeye akazaliwa hapahapa Voi, na hakuna mtu anayemshinda kwa maneno. Asubuhi alikuja dirishani na taarifa zake, akanishika kidevu mbele ya watu wa mizani.

"Karani, hiki kidevu ni kama sahani imeoshwa. Mimi niko na wanne nyumbani, wewe hata mmoja. Nikuchoree ramani?"

Watu wakacheka. Mimi nilicheka kabla yao. Siku hizi kicheko changu hutangulia, ili wasinikute nikiwa nimenyamaza.

15 Oktoba

Mama amepiga simu kutoka Wusi, nyumbani kwetu milimani. Aliuliza kama tutaenda kupanda, akauliza habari za kazi, za maji, za paka. Mwisho kabisa akasema, "Na Elsie?" Nikasema hajambo. Akasema, "Haya."

Elsie alikuwa anasikia. "Ananiulizia kama mtu anayeulizia deni," alisema.

20 Oktoba

Mashujaa Dei. Tulienda Wusi kupanda. Ndugu yangu mdogo Sylus alikuwepo na mkewe na watoto wao, na kule juu upepo ulikuwa wa baridi hata nikahisi nimepumzika kabla sijafanya kitu.

Nataka kuandika jambo moja bila kuongeza chumvi. Mama alikuwa anagawa mbegu za mahindi kwenye vibakuli. Cha mke wa Sylus alimpa mkononi. Changu alinipa mkononi. Cha Elsie alikiweka chini, juu ya jiwe, akarudi nyuma hatua kidogo, akasema, "Hicho ni chako, mama." Elsie akainama akakiokota.

Wakati wa chai ilikuwa hivyohivyo. Kikombe kiliwekwa kwenye kigoda, na Mama akageukia moto.

Njiani Elsie aliangalia dirishani mpaka tulipopita Mwatate. Kisha akasema, "Hata mbwa hupewa mkononi."

Nilitaka kumwambia yale ya hakuna hata moja. Nilikuwa nayo mdomoni. Nikasema pengine mvua itachelewa.

24 Oktoba

Hakuna mvua. Vumbi jekundu kwenye karatasi za ofisi. Nimechoka.

28 Oktoba

Ndovu wameingia kwenye mahindi ya watu ng'ambo ya reli, na yalikuwa hayajamea hata. Wamekanyaga tu udongo. Mlinzi wetu anasema walikuwa wanatafuta maji.

2 Novemba

Mvua. Ilianza saa nane mchana, watu wa mizani wakatoka nje wakasimama ndani yake. Mimi nilibaki nikifunga madirisha.

6 Novemba

Majibu yametoka Nairobi. Nitayaandika kama yalivyosemwa, kwa sababu nikianza kuyapamba nitayapoteza.

Daktari alifunga mlango. Alisema kila mtu huja duniani na kromosomu mbili zinazohusika na jinsia. Mwanamke ana X mbili. Mwanamume ana X na Y. Mama siku zote hutoa X. Baba hutoa X au Y. "Wewe, Donald, una X mbili na Y moja. Una moja ya ziada."

"Nani alikosea?" Hilo ndilo swali la kwanza nililouliza. Nafikiri ni ukarani.

"Hakuna aliyekosea. Mbegu ya baba au yai la mama linapotengenezwa, kromosomu zinatakiwa kuachana. Saa nyingine mbili hushikana zikaondoka pamoja. Inaweza kutokea upande wa mama, inaweza kutokea upande wa baba, karibu sawa kwa sawa. Si kitu mtu alikula, si kitu mtu alifanya. Wako wanaume wengi hivi. Wengi hawajui kabisa, wanazeeka bila kujua."

Yeye akaendelea.

"Mtoto mchanga kabisa tumboni hana upande bado. Y ni fupi, haina mambo mengi, lakini ndiyo inabeba amri ya kujenga korodani. Ikishatoa amri, korodani zinaanza kutoa homoni ya kiume, na homoni ndiyo hujenga yaliyobaki. Amri yako ilitolewa na ikatiiwa. Kwa hiyo wewe ni mwanamume, usiniulize."

"Sijauliza."

"Ulikuwa unakuja huko."

Ni kweli nilikuwa nakuja huko.

"Umewahi kuona garimoshi la mizigo likitoka hapa Voi?" akasema. "Dereva ni yuleyule, reli ni ileile. Lakini liko na behewa moja la ziada nyuma. Linatembea. Linafika. Ila mlimani injini inachoka." Akasema ulipofika wakati wa kubalehe ndipo mlima ulipoanza. Korodani zangu zilianza vizuri, kisha zile sehemu zinazotengeneza mbegu zikaanza kukauka na kufanya kovu. Homoni ikabaki ya chini. Ndiyo sababu ya ndevu, ya kifua, ya miguu iliyoendelea kurefuka wakati ya wenzangu imesimama. Ndiyo sababu ya uchovu.

Lazima niseme kwamba hapo nilitaka kulia, na si kwa ajili ya mtoto. Miaka yote hii nimejiona mvivu. Baba alikufa akiniona mvivu.

"Kuna dawa?"

"Kuna homoni, sindano. Itakupa nguvu, italinda mifupa. Lakini nikikupa leo, nitazima hata kile kidogo kinachoweza kuwa kimebaki. Kwanza mpasuaji Nairobi atafute. Atafungua, aangalie kwa darubini, sehemu kwa sehemu. Wengine wana kipande kidogo ambacho hakikukauka. Karibu nusu ya wanaume wanapatikana na mbegu. Chache, lakini zinatosha kwa maabara kusaidia."

"Na nusu nyingine?"

"Nusu nyingine hatupati."

Miadi ni Januari. Mpaka wakati huo nisubiri nikiwa nimechoka.

Jioni nilimwambia Elsie, mvua ikipiga mabati hata ilibidi nirudie. Alikuwa anachagua mchele. Mikono yake ilisimama.

"Rudia ile ya hakuna hata moja."

Nikarudia.

"Hiyo uliijua lini?"

"Mwezi uliopita."

Akaweka ungo chini. Alicheka, kicheko kibaya kidogo, kisha akajifunika uso kwa leso. "Donald. Nimelala kwenye vitanda vya madaktari kama samaki wa kutolewa magamba. Nimekunywa majani ya wamama wa kanisa, machungu, ya kunuka. Wewe ulikuwa unakaa nje na gazeti. Na ulipojua, ukaniangalia nikiinama kuokota kibakuli kwa mama yako."

Niliokota ungo nikaendelea kuchagua mchele. Baadaye akakaa karibu nami tukachagua wote, ingawa ulikuwa umeshakuwa safi.

7 Novemba

Elsie hajaniongelesha. Ameacha chai kwenye chupa.

9 Novemba

Aliniamsha kuniuliza kama huwa naumwa popote. Nikasema hapana. Akasema, "Basi ni vizuri," akarudi kulala.

11 Novemba

Mvua. Malori ya mkonge yamezama kwenye tope. Nimechoka, lakini sasa uchovu una jina, na nimeona kwamba kitu chenye jina hakikai kifuani vilevile.

15 Novemba

Sylus amepiga simu.

"Bro, Baba Mkubwa anasema Jamhuri Dei tukutane nyumbani. Kuna kutasa."

"Kwani kuna nini?"

"Si unajua. Nyumba yenu. Mzee anasema kuna mtu ana hasira hajaitoa."

Sijawahi kulifikiria sana jambo la kutasa, kwa vile nilikua nikiliona. Sisi Wadawida, yaani Wataita, wazee wetu walishikilia kwamba hasira ya mtu wa karibu, akiificha moyoni, huharibu hata bila yeye kutaka. Ng'ombe hukataa kutoa maziwa, mtoto huumwa, nyumba hukosa uzazi. Dawa yake ni mwenye hasira kuchukua funda la maji au la pombe ya miwa, kulipuliza nje mbele ya wenzake na kusema ameitoa. Mama ni Mkatoliki wa misheni ya Bura, hakosi misa, lakini kutasa nako hakosi. Husema maji ni maji.

Elsie alisikiliza nikimweleza. Kwao ni Taveta, wana mambo yao mengine.

"Kwa hiyo tutakaa duara na kutafuta nani amenifunga?"

"Kitu kama hicho."

"Sitakutaja," alisema. "Hiyo ni ya kwako kusema, si yangu. Lakini majani ya mtu sinywi tena. Na wakiniangalia mimi, nitawaangalia pia."

18 Novemba

Nimeandika marobota ya Jumatatu kwenye siku ya Jumanne. Meneja ameniuliza kama nalala vizuri. Nikaogopa mpaka jioni.

21 Novemba

Mvua.

22 Novemba

Mvua. Barabara ya kwenda Wundanyi imefunikwa na udongo mahali fulani.

27 Novemba

Nimeanguka kazini. Si sana. Nilikuwa nimesimama juani penye mizani, mvua ilikuwa imepumzika na mvuke ukipanda ardhini, nikaona watu wamekuwa wembamba. Nilipopata fahamu nilikuwa kwenye kivuli cha lori na Okoth ananipepea kwa kofia yake.

"Karani, wewe ni mgonjwa?"

"Si mgonjwa."

"Mtu mgonjwa mimi simtanii. Hata mama yangu anajua. Niambie nijue nikae upande gani."

"Ni mwili tu umeumbwa hivi. Ndevu hazitakuja, Okoth. Hata ukingoja."

Nilidhani atacheka. Wale vijana wa mizani walikuwa wamesogea, mmoja akasema kitu kuhusu karani kuzimia kama bibi harusi, na Okoth akamgeukia. "Wewe, enda ukahesabu mkonge." Kisha akanirudia, polepole. "Basi nikuachie kidevu?"

Nikafikiri. "Kidevu unaweza kuendelea nacho. La watoto niachie."

"Sawa. Kidevu ni changu, watoto ni wako."

Hili ndilo la kwanza nimemwambia mtu ambaye si Elsie. Anga haikuanguka. Nimeketi hapa nikishangaa kidogo.

1 Desemba

Nimejaribu kumpigia Mama nimwambie kabla ya siku yenyewe. Alipopokea nikamwuliza kuhusu maharagwe. Yamemea vizuri.

5 Desemba

Kila ninapofikiria kumwambia nafika palepale. Daktari alisema inaweza kutoka upande wa mama au wa baba. Baba hayupo. Nikimwambia Mama, atachukua lipi? Nikimwondolea Elsie, si nitakuwa nimemtwika yeye?

8 Desemba

Nimechoka. Mvua ya manyunyu, isiyo na kelele.

10 Desemba

Elsie amenifulia shati la kuvaa siku hiyo, lile jeupe. Lile pana, lisiloshika kifua. Alilitundika tu.

12 Desemba

Nimerudi Voi sasa hivi, jioni, na ninataka kuandika kabla sijalala.

Tulikuta viti vimepangwa sebuleni kwa sababu ya mvua. Walikuwepo Mama, Sylus na mkewe, na Baba Mkubwa Mwandawiro, kaka yake marehemu Baba, ambaye amekuwa mdogo sana ndani ya koti lake. Mezani kulikuwa na kata ya maji. Mama alikuwa amekataa pombe ya miwa, na Baba Mkubwa akalalamika kwamba maji hayana hata ladha ya kumtoa mtu hasira.

Alianza yeye. Alisema alimkasirikia Sylus kwa kuuza mbuzi bila kumwambia. Akachukua funda, akapuliza kuelekea mlangoni, matone yakaruka mbali kuliko nilivyotegemea kwa mapafu yale. Sylus akasema yeye hana hasira, ila basi, kama ni lazima, anamkasirikia Donald kwa kutopokea simu. Tulicheka. Nilianza kuona kwamba huenda siku itapita.

Kisha Mama akasimama. Hakuichukua kata mara moja. Alikuwa ameshika pindo la kanga yake.

"Ni mimi," alisema. "Msitafute mbali."

Baba Mkubwa akamwambia, "Teresia, keti useme taratibu." Hakuketi.

"Siku ya harusi ya Donald niliamka alfajiri. Nilipika kimanga, muhogo na maharagwe, nikaponda mpaka mikono ikafura, kwa sababu ndicho alichopenda akiwa mdogo. Nilisema wakitoka kanisani Bura watapita hapa, bibi harusi aingie, ale kwangu mara ya kwanza. Nikatandika kitambaa. Wakatoka kanisani wakashuka moja kwa moja Voi kupigwa picha. Hawakupita. Watu waliondoka, nikabaki na sufuria. Nikawapa mbwa. Nilipokuwa nawapa mbwa nilisema maneno moyoni. Sitayarudia hapa. Nilimkasirikia huyu msichana, na hakuwa amenikosea, hakujua. Nikaenda kuungama kanisani, na bado hasira ikabaki. Na mtoto hakuja, na hakuja."

Akamgeukia Elsie. "Ndiyo sababu nilikuwa nakuwekea vitu chini. Mkono huu niliuogopa. Nilisema, nikimpa mkononi nitamwongezea."

Elsie alikuwa amekaa wima kabisa.

Ninaandika jambo ambalo sitaki kuliandika. Hapo nilipumua. Nilifikiri imekwisha. Mama atapuliza maji yake, Baba Mkubwa atasema imetoka, Elsie ameondolewa lawama, hakuna atakayeniuliza kitu, na tutakula. Ilikuwa imefunguliwa njia nzuri kabisa na mimi sikuwa na la kufanya ila kukaa.

Mama alinyoosha mkono kuchukua kata. Nikafikiria mwaka ujao, na mwaka mwingine, mtoto hayupo, na wao wakisema Teresia hakuitoa yote. Na yeye mwenyewe akiwa wa kwanza kusema.

"Mama, ngoja," nikasema. "Si hasira yako."

Nilisimama. Nikashika kiti. Niliwaambia. Sikutumia maneno ya daktari yote, ila nilisema nimepimwa, na Elsie hana shida yoyote, hajawahi kuwa nayo. Nikasema mimi ndiye nisiye na mbegu. Nikaeleza kwamba nilianza hivyo kabla sijazaliwa, kabla ya harusi, kabla ya kimanga, kabla hajawa hata na nafasi ya kunikasirikia. Nikaeleza X na Y kwa njugu zilizokuwa mezani. Nikaeleza behewa.

Mke wa Sylus alikuwa anaangalia magoti yake. Sylus alikuwa ananiangalia kifuani, kisha akaondoa macho haraka, nami nikajua amekumbuka nilivyokuwa nikijificha kuoga.

Mama akasema polepole, "Kabla hujazaliwa. Basi ni tumbo langu."

Hapo ndipo nilipokuwa nimeogopa kufika tangu mwanzo wa mvua, na sasa nimefika.

"Inaweza kuwa kwako, inaweza kuwa kwa Baba," nikasema. "Daktari mwenyewe hawezi kuniambia. Si kitu mlifanya. Ni vitu viwili vilitakiwa kuachana, vikasahau. Mama, sikuharibika mikononi mwako. Umenilea nikafika hapa."

Baba Mkubwa alikuwa amechukua njugu zangu tatu anazigeuzageuza kiganjani. "Hebu niulize. Huna kilichopungua?"

"Hapana, Baba Mkubwa. Kimezidi."

"Ukoo huu wote haujawahi kupewa nyongeza na mtu yeyote," alisema, "na wewe ukapewa ya kukuchosha." Akatia njugu mdomoni, moja moja. "Na hao wa Nairobi wataweza?"

"Labda. Nusu ya watu hawapatikani na kitu."

"Haya. Na hasira? Wewe hukuitoa."

Nikasema sina hasira na mtu.

"Sikuuliza na mtu."

Akanipa kata. Nilisimama nayo, na ajabu ni kwamba nilikuwa nayo hasira, nyingi, sikujua ilikuwa imekaa wapi. Ilikuwa ya wembe na ya bafu la shule. Ilikuwa ya Baba aliyekufa akiniita mvivu. Nilimkasirikia Elsie kwa kuwa mvumilivu mpaka nikaona aibu. Nilichoka kuchoka. Sikusema yote hayo, nilisema tu, "Nimeukasirikia huu mwili. Nauacha." Nikachukua funda nikapuliza. Sijui kupuliza. Maji hayakuruka, yaliteremka kidevuni, kwenye kidevu kisicho na kitu cha kuyazuia, yakaingia shatini.

Sylus akaanza kucheka. Kisha mimi. Mama alikuja na pindo la kanga akanipangusa kidevu kama ninavyokumbuka akinipangusa nikiwa mdogo, kwa nguvu, bila huruma. Akachukua kata kutoka kwangu, akapuliza yake kuelekea mlangoni, safi, maji yakawa kama ukungu. Kisha akabaki ameishika kata.

Elsie alikuwa amesimama. Alinyoosha mikono yote miwili mbele, akaiacha hapo.

Mama aliangalia meza. Aliangalia kigoda. Niliona akitafuta pa kuiweka kwa mazoea. Halafu akampa kata mkononi.

13 Desemba

Nimelala siku nzima.

19 Desemba

Mvua imekatika. Nyasi zimefika magotini kila mahali, hata katikati ya reli ya zamani. Okoth ameuliza kama kidevu kinakula mbolea. Nikamwambia kinasubiri amri.

25 Desemba

Wusi. Elsie na Mama wamekosana kuhusu chumvi kwenye nyama, kwa sauti, jikoni. Nimefurahi kuwasikia.

29 Desemba

Nimechoka.

3 Januari

Daktari Wayua amesoma kurasa hizi za uchovu, zile nilizomruhusu. Alisema hakuna jipya humo ila nimeacha kuomba msamaha katikati ya sentensi. Alinikumbusha kwamba mpasuaji anaweza kukosa kila kitu. Nikasema najua. Akasema wakikosa, nikirudi ataanza sindano, na kwamba kuna watu huchukua mbegu ya mtu mwingine, na kuna watu huasili mtoto, na kuna watu hukaa wawili. Alivitaja vyote kwa sauti moja. Elsie alikuwa nami ndani safari hii. Alisema, "Tutasikia kwanza."

8 Januari

Treni yetu ya Nairobi ni mchana. Begi lilikuwa mlangoni tangu asubuhi, mimi nimekaa juu yake, naogopa, nikiuliza saa kila wakati.

Mama aliingia bila kupiga simu. Ameshuka kutoka Wusi akiwa na sufuria imefungwa kwa kanga, bado ya moto katikati. Alipofungua, nyumba nzima ikanukia muhogo na maharagwe.

"Mama, tutachelewa," nikasema.

Elsie aliniangalia. Alivuta begi kutoka chini yangu, karibu nianguke, akaliweka kando. "Keti mezani, Donald. Hakuna mtu anatoka."

Mama akapakua. Sahani ya kwanza alimpa Elsie, mkononi. Tulikula polepole, wote watatu, na hakuna aliyesema neno kuhusu Nairobi. Nilipomaliza Mama akaniongezea bila kuniuliza. Nilikula na hiyo pia. Ndipo tukainuka.

Ninaandika haya kituoni. Tumewahi treni. Nimechoka, na nimeshiba.